Mchagua Bunduki: Historia ya Amana Baina ya Mwindaji na Kiwanda

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni la haki shambani, kwa sababu jembe likivunjika mpini mkulima hupoteza nusu ya siku tu, na kesho yake ardhi ingali pale pale ikimngoja. Porini mambo si hivyo. Bunduki ikikataa kulia mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hakuna kesho ya kungojwa. Mwindaji, kinyume cha mkulima, hana budi kuchagua. Na historia ya uchaguzi wake ni ndefu na nzito kuliko wengi wadhanivyo. Ndani yake mna mafundi na viwanda, mna mikataba ya dola na sheria za leseni, mna joto na vumbi, tena mna damu ya watu na ya wanyama. Insha hii yaifuata historia hiyo, hasa kama ilivyopita katika nchi za Afrika ya Mashariki, kwa swali moja: bunduki iliyofanyizwa kiwandani na watu ambao mnunuzi hatawaona maishani mwake, huaminiwa kwa sababu gani?

Lugha ya Kiswahili imehifadhi sehemu ya kwanza ya jibu katika majina yake ya kale. Watu wa pwani walizipambanua bunduki kwa namna zilivyoshika moto. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata gumegume, iliyopata cheche kutoka jiwe lililogonga chuma. Kisha ikaja bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake iligonga kikofia kidogo chenye dawa ya kulipuka. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, yaani ile ambayo risasi, baruti na fataki yake vimefungwa pamoja katika ganda moja la shaba na kutiwa kwa nyuma ya mtutu. Mpango huu wa majina si wa bahati nasibu. Walioutumia walijua kwamba swali la kwanza juu ya bunduki yo yote si itapiga mbali kadiri gani, bali itawaka au haitawaka. Utambi huzimika kwa mvua, baruti ya gumegume hupeperushwa na upepo, fataki hulowa, na kiasi cha shaba, ijapokuwa kimeyaponya maradhi hayo yote, kina maradhi yake chenyewe, kama itakavyoonekana mbele.

Kabla ya bunduki kuenea, silaha ya mwindaji ilikuwa na mwenyewe. Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na katika nchi ya Tsavo kwa upinde mkubwa mgumu kuvutwa na mishale yenye sumu iliyochemshwa kutoka miti ya porini. Mwindaji wa namna hii alikuwa karibu sana na chanzo cha silaha yake. Aliujua mti uliotoa upinde, alimjua mpishi wa sumu, na kama silaha ilimwangusha alijua mlango wa kwenda kubisha. Imani yake ilikuwa imani ya macho na mikono. Haidhuru silaha hiyo ilikuwa na upungufu gani, haikuwa na siri.

Biashara ya pembe za ndovu katika karne ya 19 iliubadili uhusiano huo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika ilichukua bunduki pamoja na nguo na shanga. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na ndani yake baruti na bunduki ni vitu vya kila siku kama chakula cha safari. Bunduki nyingi zilizouzwa Afrika katika karne hiyo zilifanyizwa katika miji miwili mikubwa ya kazi hiyo, yaani Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji. Zilikuwa bunduki za kushindiliwa kwa mdomo, ambazo wengi huziita magobori, na aghalabu zilikuwa za bei ndogo. Sasa kwa mara ya kwanza mwindaji wa bara alikabidhi roho yake kwa fundi aliye ng'ambo ya bahari. Mtutu ukipasuka usoni pake, hakuwa na mlango wa kubisha.

Huko Ulaya watu walilifahamu tatizo hilo mapema. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya chuma. Ufa mwembamba kama unywele hujificha mpaka siku ya baruti nyingi. Kwa ajili hiyo zilianzishwa nyumba za kujaribia mitutu. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya mwaka 1813. Kila mtutu ulitiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukapigwa, na uliosalimika ukagongwa muhuri. Muhuri huo mdogo ni jambo kubwa katika historia ya amana. Ulikuwa ushahidi wa mtu wa tatu, asiye fundi wala mnunuzi, kwamba chuma kile kimekwisha kupita katika jaribu kali kuliko yale yatakayokifika. Walakini muhuri ulishuhudia jambo moja tu, kwamba mtutu hautapasuka. Haukushuhudia kwamba bunduki italia itakapotakiwa.

Hata mwindaji aliyekuwa na uhuru wa kununua alionja uchungu huo. Mwingereza Frederick Courteney Selous, ambaye alizikwa Beho Beho karibu na mto Rufiji baada ya kuuawa vitani mwezi wa Januari 1917, alianza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki pana za kushindiliwa, za bei nafuu, kutoka Birmingham. Risasi nne tu za bunduki hizo zilitimiza ratili moja. Siku moja fataki ililia bure. Mbeba bunduki wake, katika haraka ya mawindo, akaishindilia mara ya pili bunduki ambayo ilikuwa na baruti ndani. Ilipolia ilimrusha Selous chini na kumtoka mikononi. Kosa lilikuwa la nani? La mkono uliorudia kushindilia, au la fataki iliyokataa mara ya kwanza? Mtu akipima kwa haki ataona kwamba silaha isiyotumainika huwalazimisha wanaoitumia kufanya makosa. Uaminifu wa bunduki hauko katika chuma peke yake. Uko pia katika wepesi wake wa kueleweka na mtu aliye katika hofu.

Viasi vya shaba viliondoa msiba wa namna hiyo, kwa maana hakuna awezaye kutia viwili mahali pa kimoja. Tena mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, na kwa muda mfupi baruti nyeusi ya zamani ikapitwa. Mwindaji aliweza sasa kuona mnyama baada ya kupiga, mahali pa kusimama ndani ya wingu jeupe akingoja kujua kama anashambuliwa. Risasi ikawa nyembamba, ikaenda kasi, ikapenya zaidi. Ilionekana kana kwamba swali la kale la kuwaka au kutowaka limekwisha.

Halikwisha. Mwezi wa Desemba 1898, wakati reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa, simba wawili walikuwa wamewala wafanyakazi wengi wa Tsavo hata kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, alikuwa amebadilishana bunduki na rafiki yake ili apate ile yenye nguvu zaidi, yenye mitutu miwili. Asubuhi moja simba alitokea mbele yake, karibu kabisa, naye hana mashaka tena ya kumpata. Alipofyatua, alisikia mgongo mkavu wa chuma tu. Kiasi kilikuwa kimekataa kuwaka. Kwa fadhaa alisahau hata kwamba mtutu wa pili ungali na risasi. Alipokumbuka, simba alikuwa akigeuka kwenda zake, naye alimjeruhi tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson aliilaani saa aliyotumainia silaha ya kuazima. Lawama hiyo ni ya kweli. Nguvu ya bunduki ile haikuwa na faida yo yote, kwa kuwa nguvu isiyotokea ni sawa na udhaifu. Usiku ule ule simba huyo aliuawa, lakini msomaji na akumbuke waliokuwa wamelala katika mahema: kwao bunduki moja mbovu ilikuwa na maana ya usiku mwingine wa kungoja mauti.

Hapa yapasa kuulizwa swali ambalo vitabu vya mawindo aghalabu huliruka: ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuchagua? Tarehe 2 Julai 1890 dola zilizokutana Brussels zilitia sahihi hati ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya hati hiyo mlikuwa na sharti juu ya silaha. Katika nchi zote za Afrika zilizo baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, kuingiza bunduki kulikatazwa, hasa zile zenye mifuo ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu na zile za kisasa. Wenyeji waliweza kuruhusiwa, chini ya uangalizi wa serikali, kununua gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Msafiri mwenye cheti cha serikali yake, au mtu aliyetoa dhamana ya kutosha, aliweza kupewa idhini ya silaha bora.

Nia ya kukomesha utumwa ilikuwa njema, na silaha zilikuwa kweli chombo cha wateka watu. Lakini tokeo moja la sharti hilo lilikuwa kuwagawa wawindaji mafungu mawili. Katika miaka ile ile ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikifikia ukamilifu, mwindaji mwenyeji alifungiwa katika silaha ya mababu wa Wazungu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya mawindo katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1900 dola zilikutana London zikakubaliana juu ya kuhifadhi wanyama kwa njia ya leseni. Hifadhi ilihitajiwa, kwani ndovu walikuwa wakimalizwa. Hata hivyo mtu aliyelinda shamba lake la mahindi dhidi ya ndovu kwa gobori alibeba hatari ambayo mwenye leseni na bunduki ya London hakuibeba. Gobori hujeruhi zaidi ya kuua. Na mnyama aliyejeruhiwa haulizi nani alipiga, humlipiza wa kwanza kukutana naye, awe mchota maji au mtoto wa njiani. Basi neno la kuchagua bunduki ya kuaminika lilikuwa, katika nchi hizi, neno la haki kabla halijawa neno la ufundi.

Ufundi wenyewe ulikuwa umefika wapi? Jibu lake lapatikana katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, katika Ujerumani. Huko Paul Mauser, aliyezaliwa mwaka 1838, alitumia maisha yake yote kurekebisha kitu kimoja. Bunduki yake ilifungwa kwa komeo la chuma, lililosukumwa mbele na kuzungushwa kama komeo la mlango. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani liliipokea namna yake iliyokamilika, na tangu hapo namna hiyo imeigwa ulimwenguni kote. Iliundwa kwa vita, lakini wawindaji waliitambua upesi, kwa sababu vita na mawindo vina adui mmoja: matope, mchanga, na mikono inayotetemeka.

Siri yake kubwa ilikuwa ukucha. Ubavuni mwa komeo palikuwa na kipande kirefu cha chuma chenye ncha kama ukucha wa ndege. Kiasi kilipoinuka kutoka kikashani, kingo ya ganda lake ilijipenyeza chini ya ukucha huo, ukaishika tangu mwanzo wa safari yake mpaka mwisho. Hata bunduki ikielekezwa juu au chini, hata mwindaji akisita katikati na kuvuta komeo nyuma, kiasi hakikupotea njia. Katika bunduki nyingine kiasi husukumwa mbele kikiwa huru, na hushikwa baada ya komeo kufungwa. Mtu mtulivu haoni tofauti. Mtu mwenye hofu huweza kusukuma, kusita, kuvuta, na kusukuma tena. Kiasi cha kwanza kikabaki mtutuni, cha pili kikajigonga mgongoni mwake, na bunduki ikawa rungu. Mauser alitengeneza chombo kwa ajili ya mtu aliyefadhaika, na hii ndiyo heshima yake. Naye aliijua hatari kwa nafsi yake, maana mwaka 1901 alipoteza jicho moja katika kujaribu bunduki ya namna mpya.

Mafundi wa Uingereza, ambao kwa miaka mingi walijivunia bunduki zao za mitutu miwili zilizochongwa kwa mkono na kuuzwa kwa mali nyingi, hawakuona haya kuuchukua mtambo huu wa kiwanda. Nyumba ya John Rigby ya London iliunda juu yake bunduki za mawindo. Mwaka 1911 ikatoa kiasi chake kikubwa cha.416 ya inchi, na mwaka 1912 nyumba ya Holland & Holland ikatoa cha .375. Vipimo hivi viwili vilidumu. Sababu mojawapo ni kwamba mafundi hao walijifunza jambo kutoka nchi za joto. Baruti yao, iliyoitwa kodaiti, ilipochomwa na jua la Afrika au la Bara Hindi ilisukuma kwa nguvu zaidi kuliko ilipojaribiwa katika baridi ya Uingereza. Ganda la shaba lilitanuka likashikamana na mtutu, lisitoke. Kwa hiyo walitengeneza maganda makubwa yenye nafasi, ili msukumo usipande kupita kadiri. Bunduki iliyofaulu nyumbani kwa fundi haikuwa lazima ifaulu nyumbani kwa ndovu. Ilipasa ijaribiwe mahali pa kazi yake.

Katika zama hizo hizo palikuwa na mtu mmoja aliyeyavuruga mawazo ya wengi. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kuwinda Karamoja katika Uganda hata akapewa jina la nchi hiyo, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki nyembamba ya Rigby iliyoundwa juu ya mtambo wa Mauser, yenye risasi ya milimita 7 tu. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, akajizoeza kuupata. Kwake bunduki bora ilikuwa nyepesi, isiyompiga teke begani, na yenye viasi visivyomwangusha. Mfano wake una ukweli na una mtego. Ukweli ni kwamba risasi ndogo inayofika mahali pake yashinda kubwa inayopotea. Mtego ni kwamba asiye na jicho na subira ya Bell, akiiga bunduki yake, hujeruhi tu. Ndiyo sababu sheria za nchi kadhaa za Afrika ziliweka baadaye kipimo cha chini cha risasi kwa wanyama wa hatari, mara nyingi .375. Sheria haiwezi kupima ustadi wa mtu, hupima mtutu.

Tena isisahauliwe kwamba nyuma ya kila mwindaji mwenye jina walikuwapo watu waliobeba na kusafisha silaha hizo. Mbeba bunduki ndiye aliyeuondoa mchanga jioni, ndiye aliyenyosha mkono kutoa bunduki ya pili nyati alipokuja, na kama bunduki ilikataa, hatari ilikuwa yake pia. Watu hao walizijua tabia za kila mtambo kuliko waandishi wa orodha za bei. Ujuzi wao haukuandikwa, na wengi wao hawakuruhusiwa kumiliki kitu walichokijua vizuri hivyo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia uongozi wa kazi hii ulihamia Marekani, na huko amana ya kiwanda ilipata jaribu lake kubwa. Mwaka 1936 kampuni ya Winchester ya New Haven ilitangaza bunduki iliyoitwa Model 70. Ilifuata mawazo ya Mauser, pamoja na ukucha wake mrefu, lakini ilifanyizwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida wa nchi ile aliimudu. Iliundwa pia kwa kiasi cha .375, hata ikavuka bahari kuja Afrika. Wawindaji waliipenda kwa sababu ilikuwa na wema wa fundi wa mkono bila bei yake.

Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa kiasi kipya cha .458, kilichokusudiwa kulingana na zile bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili, kwa gharama ndogo. Kilienea haraka. Lakini ili kuingia katika mtambo wa urefu wa kawaida, ganda lake lilifanywa fupi, na baruti ikashindiliwa kwa nguvu ndani yake. Baada ya muda malalamiko yalisikika: baruti iliyobanwa iligandamana, haikuungua vema, na risasi ikatoka bila kasi iliyoahidiwa. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alikwenda kuunda kiasi kirefu zaidi chenye jina lake. Msomaji atambue kwamba hapa ufa haukuwa katika bunduki. Ulikuwa katika kiasi, kitu ambacho mnunuzi hukitazama mara ya mwisho ilhali kingepasa kutazamwa mara ya kwanza.

Kisha ukaja mwaka 1964. Gharama za kazi ya mikono zilikuwa zimepanda, nayo Model 70 ilihitaji saa nyingi za kuchonga chuma. Waliokuwa na madaraka waliamua kuibadili. Ukucha mrefu uliondolewa, mahali pake pakawekwa kidogo ndani ya uso wa komeo. Michoro ya kitako, iliyokuwa ikichongwa, ikawa ya kugandamizwa kwa mashine. Jina lilibaki lile lile, na hilo ndilo lililowachoma wanunuzi. Kwa haki yapasa kusemwa kwamba bunduki mpya ililenga vizuri, na kwamba mitambo isiyo na ukucha mrefu imewatumikia wawindaji wengi bila ajali. Lakini wanunuzi waliona kwamba walipewa kitu kingine chini ya jina walilolizoea. Zile za kabla ya 1964 zikaanza kutafutwa na kupanda bei kuliko mpya, jambo la ajabu kwa kitu kilichokwisha kutumika. Katika miaka ya 1990 kampuni iliurudisha ukucha. Miaka karibu 30 ilipita katika kujifunza kwamba jina la kiwanda si mali yake. Ni mkopo kutoka kwa wanunuzi, na mkopo huweza kudaiwa.

Pigo la aina nyingine liliwafika waliomiliki bunduki kubwa za Kiingereza. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya Uingereza vilianza kuacha kutengeneza viasi vyake, na silaha za thamani kubwa zikawa mapambo ya ukutani. Mwenye .375, kiasi kilichofanyizwa katika nchi nyingi, hakupatwa na mashaka hayo. Kwa hiyo uaminifu una upande wa sokoni pia: bunduki isiyopata chakula chake haina tofauti na fimbo.

Afrika ya Mashariki nayo ilibadilika. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, na Kenya iliufunga mwaka 1977. Hata palipo na marufuku, bunduki imebaki mikononi mwa askari wa wanyama, ambaye huitwa kijijini usiku ndovu wanapoingia shambani au simba anapozoea zizi. Mtu huyo mara nyingi hakuichagua silaha yake, alikabidhiwa. Kwake historia hii si burudani. Anayenunua kwa niaba ya mwingine ana deni kubwa kuliko anayejinunulia, kwa sababu kosa lake litalipwa na mwili usio wake.

Historia hii, basi, yaonyesha mpango wa maswali. La kwanza ni lile la watu wa kale wa pwani: itawaka? La pili ni la Mauser: itashika na kutoa ganda, katika mchanga na joto, mkononi mwa mtu aliyefadhaika? La tatu ni la Bell: je, risasi hii na bega hili na jicho hili vyapatana, na vyatosha kumwua mnyama upesi bila kumtesa? La nne ni la sokoni: chakula chake kitapatikana miaka 20 ijayo? Uzuri wa kitako na sifa za tangazo hufuata baada ya hayo. Na juu ya maswali yote lasimama funzo la Tsavo, kwamba muhuri wa nyumba ya majaribio na jina la kiwanda ni ushahidi wa watu wengine. Huo wasaidia, bali hautoshi. Ushahidi wa mwisho hupatikana mbele ya shabaha ya karatasi, kwa viasi vile vile vitakavyochukuliwa porini, mara nyingi na kwa subira, siku ambayo hakuna simba.

Mkulima na asichague jembe, ardhi itamsamehe. Aendaye mahali pasipo na msamaha ana wajibu wa kuchagua, na kabla ya kulaumu mkono wa mwindaji aliyeshindwa, ni vema kuuliza kwanza kama alipata kupewa nafasi ya kuchagua.